Sumaku ya Umwali

Eugène hakuwa mtu wa kumwita mtu dukani kwake bure. Ukisikia anaita, ujue umesahau chenji yako au ana neno la maana. Siku ile ya soko, Kashebere ikiwa matope matupu na mbuzi wamefungwa kila mahali, alimwita Evode kutoka ng'ambo ya barabara kwa sauti iliyowageuza hata wasioitwa.

"Papa Umwali! Acha iyo mufuko! Kuja mbio, kuja uone dawa ya mutoto yako!"

Angeweza kunong'ona, lakini Eugène hajui kunong'ona. Wema anao, tena mwingi. Mwaka ule wakimbizi walipofika wakiwa hoi, ndiye aliyetoa mbao za duka lake kuwazikia wafu wao, wala hakungoja kuombwa na padri. Ila wema wake ni kama lori lake la Fuso, unausikia kabla haujafika. Evode akatua mfuko aliokuwa ameubeba begani, akajifuta mikono kwenye suruali, akavuka barabara, na nusu ya soko ikavuka naye.

Kwenye simu ya Eugène kulikuwa na video ya mtoto ameketi katika kiti kama cha kinyozi. Mwanamke aliyevaa joho jeupe alikuwa amemshikia juu ya kichwa kitu kama mikate miwili ya duara iliyoshikana. Sauti ya Kifaransa ilikuwa ikieleza kwa haraka, na Eugène, aliyesoma kwa mapadri huko Butembo, akawa anageuza maneno kwa ajili ya umati.

"Ni sumaku, munasikia? Banapitisha sumaku juu ya kichwa. Ubongo inaamuka. Mutoto alikuwa na otisme, hasemi kitu. Sasa angalia, anacheka na mama yake. Hospitali iko ngambo ya mupaka."

"Sumaku?" Evode aliuliza. "Sumaku gani? Kama ile yangu?"

"Sumaku ni sumaku, Papa!"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Ile bubu ya Evode njo itaongea?" Wengine wakacheka, si kwa ubaya, ndivyo soko linavyocheka. Evode hakugeuka.

"Hayuko bubu," alisema. "Analia, anacheka, anaimba yake. Bubu iko weye, hukuona kitu ya maana ya kusema."

Soko likacheka tena, safari hii upande wake. Eugène akamvuta ndani, nyuma ya magunia ya chumvi, na huko akajaribu kushusha sauti. Hakuweza sana.

"Sikia. Fuso yangu ikipata njia, inashuka Goma. Nitabapakia weye na mama na mutoto, bure, mpaka kwa mupaka. Lakini ile hospitali inaomba feza mingi. Na weye uko na shamba pembeni ya barabara. Sikufiche kitu, Papa Umwali: ile shamba naitamani tangu zamani, nataka kujenga depo. Ukiniuzia, nitalipa yote mara moja. Si kukuibia, ni bei ya kweli."

Evode alijua ni kweli. Alijua pia kwamba shamba lile ndilo mihogo yao, maharagi yao na chumvi yao. Akaomba aangalie video mara nyingine.

*

Ni lazima kazi ya Evode ieleweke, maana makosa yote yalianzia hapo. Evode ni mpimaji. Wachimbaji wakileta mchanga mweusi wa kasiterite, madini ya bati, kutoka machimbo ya Walikale, tajiri hatoi hata franga moja kabla Evode hajaupitishia sumaku. Ni kipande kizito kilichong'olewa kwenye bafle bovu, yaani spika ya muziki, nacho hukifunga ndani ya kitambaa. Uchafu wa chuma unapanda na kung'ang'ania kitambaa, kasiterite inabaki chini, safi. Hapo ndipo bei inapotajwa. Kashebere nzima hakuna anayenunua mchanga kabla mkono wa Evode haujapita juu yake, na katika kazi hiyo hakuna aliyewahi kumwita mwongo.

Kwa hiyo alipoona sumaku juu ya kichwa cha mtoto, hakuhitaji kuelezwa na mtu. Alielewa yote papo hapo, na yote aliyoyaelewa yalikuwa ya uongo.

Alimkuta mkewe Mukasine anatwanga sombe, majani ya mihogo. Umwali, binti yao wa miaka minane, alikuwa amejibana katika pembe ya nyumba, viganja masikioni, anajigonga kisogo ukutani taratibu, kwa sababu redio ya jirani ilikuwa inaimba. Usonji, ndivyo wanavyouita waliosoma Kiswahili cha vitabu. Munganga Colette, daktari anayepanda kutoka Goma kila mwezi kuangalia wagonjwa wa kichwa, aliuita otisme. Na majirani waliuita majina ambayo hapa hayaandikwi. Hata neno moja, Umwali hakuwa amewahi kulisema. Akitaka kitu alikinyakua, na asipokifikia alilia mpaka sauti ikakauka. Hakuwa amewahi kumnyooshea mtu mkono kuomba.

Jumapili iliyopita, wakati wa kwaya, alipiga kelele mpaka mhudumu wa kanisa akaja akamgusa Mukasine begani. "Mama, Bwana anasikia hata kule inje," alisema. Mukasine alitoka na mtoto mgongoni, akasikiliza mahubiri akiwa amesimama karibu na choo.

"Mama Umwali, weka mutwangio chini," alisema Evode. "Kuko dawa."

Alieleza yote: simu, kiti, mikate miwili, hospitali. Mukasine alisikiliza mikono ikiwa imetulia ndani ya kinu.

"Weye unajua sumaku namna inafanyaka," Evode aliendelea. "Unapitisha juu ya muchanga, chuma yote inapanda. Ile muzuri inabaki. Basi mu kichwa ya Umwali kuko kitu imechanganyikana. Ikitoka, atabaki mutoto muzima."

"Na feza?"

"Eugène anataka shamba."

Mtu angetegemea mwanamke apige kelele. Shamba lile alilima yeye. Mgongo wake ulikuwa umeshaanza kupinda kwa ajili yake. Lakini Mukasine alisema, "Uza."

"Ngoja kwanza, mama…"

"Nasema uza! Uza leo! Unajua mimi natafuta nini? Sitafute asome. Sitafute aolewe. Nataka aniite. Mara moja tu, ajue kama mimi njo mama yake, kisha anyamaze mpaka kufa kwake, nitamushukuru Mungu." Akaanza kulia, akajipangusa kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa vya kijani. "Batoto ya bengine wanaita mama zao mpaka wanachoka. Mama, mama, mama. Mimi hata mbuzi yangu inanijua kuliko yeye."

Mfa maji haachi kutapatapa, nao wote wawili walikuwa majini. Lakini mpimaji ni mpimaji hata nyumbani kwake.

"Nani ananunuaka muchanga bila kuupima?" alisema hatimaye. "Tupime kwanza. Sumaku iko hapa. Ile ya hospitali iko kubwa, lakini ni dada yake. Kama hii ndogo inamusaidia kidogo, basi kubwa itamaliza. Kama haifanye kitu, hatuuzi."

Mukasine aliona ni neno la akili. Na kweli lilikuwa neno la akili, kama kilichopimwa kingekuwa mchanga.

*

Walimshika wote wawili. Evode aliifunga sumaku katika kipande cha kitenge kikuukuu, akakizungusha kichwani mwa Umwali na kukikaza, kwa sababu sumaku ilikuwa nzito na ingedondoka. Mtoto alipiga mateke, akamuuma baba yake mkononi. Mukasine aligeuza uso. Evode akakaza zaidi, akapiga fundo juu ya paji la uso.

Kisha Umwali akanyamaza.

Waliogopa kwanza, wakadhani wamemuumiza. Lakini alikuwa anapumua vizuri. Mabega yake, ambayo siku zote yalikuwa yamepanda juu, yalishuka. Redio ya jirani ilikuwa bado inaimba, na Umwali akaondoa viganja masikioni, kimoja, halafu cha pili. Akaketi. Mukasine akaleta bugali, na mtoto akala karibu nao, kwa utulivu, bila kumwaga kitu, akiwa na ile sumaku kichwani kama mama anayetoka kisimani.

"Yesu Kristo," alisema Mukasine, akapiga magoti palepale kwenye makapi ya sombe.

Evode alijitahidi kuwa mwanaume, akashindwa. Alicheka na machozi yanatoka. "Imeshika!" alikuwa anasema. "Mama Umwali, imeshika! Imeshika chuma!"

Bahati mbaya, au nzuri, dada yake Evode alikuwa anaingia wakati ule kuomba moto. Huyo ni Euphrasie, mjane, mwimbaji wa kwaya, na habari za kinywani mwake hazihitaji barabara ya lami kusafiri. Alisimama mlangoni, akamwona Umwali amekaa kama binti wa askofu, akapiga vigelegele. Mtoto akashtuka lakini hakulia. Hilo lilitosha. Jua halijatua, kijiji kizima kilikuwa na habari kwamba sumaku ya Evode imemfungua mtoto.

Watu wakaja. Wakaja na mayai, na ndizi, na mmoja na kuku mwenye kilema cha mguu, lakini kuku ni kuku. Yule mhudumu wa kanisa naye alikuja, akasimama kando, akasema Jumapili Mama Umwali ana nafasi mbele, kama akitaka. Mukasine alimwambia "aksanti" na akaimaanisha, kwa sababu siku hiyo hakuwa na nafasi moyoni ya kuweka kinyongo. Mzee mmoja alimwuliza Evode kama anaweza kuazima sumaku kwa ajili ya goti la mkewe. Evode akasema hapana, bado inafanya kazi.

Eugène alikuja wa mwisho, akamwangalia mtoto muda mrefu, akavua kofia. "Mungu iko," alisema, kwa mara ya kwanza bila kupaza sauti. Kisha wakapatana: Ijumaa, alasiri, mbele ya kapita, mkuu wa kijiji, na mashahidi, shamba litauzwa. Jumamosi, barabara ikiwa wazi, Fuso itashuka.

*

Asubuhi ya Ijumaa, Munganga Colette alikuwa kwenye kituo cha afya. Evode na Mukasine walikwenda kumuaga na kumshukuru, maana ndiye wa kwanza aliyewaambia kwamba mtoto wao hakulogwa. Walimletea yale mayai. Umwali alikuwa katikati yao, shingo imeinama kidogo kwa uzito, fundo juu ya uso.

Colette ni mwanamke mnene mwenye miwani, anayependa kukaa chini na wagonjwa badala ya kukaa nyuma ya meza. Hakucheka. Alisikiliza habari yote, ya simu, ya mchanga, ya bugali, ya Fuso. Wakati wote huo alikuwa anaitazama shingo ya mtoto.

"Papa Umwali," alisema, "mu kazi yako, kama unapima muchanga na vitu mbili mara moja, unajuaje ni kitu gani imesafisha?"

"Sipime na vitu mbili, docteur. Napima na moja moja."

"Na hapa umepima na ngapi?"

Evode alilitazama lile fundo.

"Nitakuomba ruhusa," alisema Colette. "Tutoe sumaku tu. Kitambaa tukirudishe, kikaze vilevile."

Walipofungua fundo, Umwali alianza kulia kilio kile cha zamani, mikono ikaruka masikioni, na Mukasine akasema, "Unaona? Unaona, docteur? Bila sumaku…" Colette alikiweka kile kipande kizito juu ya meza, akakizungusha kitambaa kitupu kichwani mwa mtoto, akakikaza kwa mkono mtulivu. Kilio kikakatika. Mabega yakashuka. Umwali akaketi sakafuni, akaanza kuimba ule wimbo wake usio na maneno.

Nje mbuzi alilia, na mtu akawasha pikipiki. Evode alikuwa anaitazama sumaku juu ya meza, kisha kichwa cha mtoto, kisha sumaku.

"Kumbe," alisema.

"Kuko batoto kama Umwali ambao mwili yao inatafuta kukazwa," Colette alieleza. "Kelele inaingia kwao kama mawe. Ukimukaza vizuri, si kwa nguvu ya kumuumiza, anajisikia yuko ndani ya ngozi yake. Ni nyinyi njo mumegundua, si mimi. Nimekuja hapa miezi na miezi, sikufikiria kitambaa."

"Lakini ile mashine ya hospitali," alisema Mukasine. "Ile kubwa. Ile ya kwa simu. Ni uongo?"

"Si uongo, mama. Mashine iko. Haivute kitu inje ya kichwa, mu kichwa ya mutoto yako hakuna chuma. Inatumia umeme kufanya sumaku inayopiga, inapiga, inapiga, kwa kugusa ubongo. Bantu wazima wenye huzuni nzito, kuko wenye imebasaidia, hiyo inajulikana. Kwa otisme, wasomi wangali wanatafuta. Bamoja wanasema waliona mabadiliko kidogo, bengine hawakuona kitu. Hakuna muntu leo mwenye haki ya kukuahidi kama mutoto ataongea. Yule wa kwa simu amekuahidi. Mimi siwezi." Akavua miwani, akaifuta. "Na inapiga kelele karibu na sikio, mama. Tak, tak, tak. Mufikirie Umwali."

"Kwa hiyo tusiuze?"

"Shamba ni yenu, siwezi kuwatawala. Lakini kama ingekuwa dada yangu, ningemuambia asiuze. Siku wasomi watasema iko tayari, nitapanda pikipiki mimi mwenyewe, hata kama kuko mvua, nitakuja kubisha kwenu. Sasa mukaze kitambaa, mumuepushe na kelele, na kila siku mumuonyeshe vitu na kumungoja. Musimupeleke mbio mbio. Mumungoje."

Alikataa mayai. Evode akamwachia kwa nguvu juu ya dirisha.

*

Njiani Mukasine alitembea haraka mpaka darajani. Hapo akasimama.

"Yeye hana mutoto ya hivi," alisema. "Yeye iko na miwani. 'Mumungoje.' Nimengoja miaka minane! Alisema mwenyewe, kuko bamoja waliona mabadiliko. Kwa nini mimi nisikuwe kati yao?"

"Mama Umwali, sumaku haikufanya kitu. Nilikosa. Nilipima vibaya."

"Ulipima ile ndogo!"

"Na tutakula nini?"

"Tutakula ile tulikuwa tunakula wakati wa kukimbia vita. Uliwahi kufa?" Akamshika Umwali mkono, mtoto akauchomoa kama kawaida yake. "Unaona? Hata mukono yangu haitaki. Uza, Papa Umwali. Nitalima mashamba ya bantu, nitabeba mizigo. Nikisema nimejaribu yote, nitalala."

Evode angeweza kukataa. Wapo waume ambao wangekataa, tena kwa kofi. Lakini yeye alikuwa ndiye aliyemwambia mkewe kuna dawa, ndiye aliyeishangilia mbele ya kijiji, na sasa aliona haya. Mpimaji gani anayedanganywa na kitambaa? Akatembea mbele hadi nyumbani, na neno la kuuza likabaki vilevile.

*

Alasiri mashahidi wakaketi uani. Kapita alipewa kiti chenye mgongo, wengine viti vya kukunja na gogo. Eugène alikuwa ameleta bidoni ya kasiksi, pombe ya ndizi iliyoiva vizuri, na harufu yake peke yake ilikuwa imeleta mashahidi wawili zaidi ambao hakuna aliyewaalika. Mmoja wao alifungulia muziki kwenye simu yake ili kungojea kuwe kutamu.

Katika milima ile, ardhi haitoki kwa neno la mwanaume peke yake. Mnunuzi anakunywa kikombe cha kwanza, kisha kikombe kilekile anapewa mke wa muuzaji, kwa sababu jembe ni lake. Akinywa, nyumba imekubali na hakuna atakayerudi kesho kulia. Asipokunywa, watu wanakwenda zao.

Eugène alikunywa, akakohoa kidogo, akafurahi. Kapita akajaza tena, akamkabidhi Mukasine, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, miguu amenyoosha.

"Mama Umwali, umesikia bei. Umesikia mipaka. Mu nyumba yenu munakubaliana?"

"Tunakubaliana," alisema Mukasine. Evode alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake.

"Basi kunywa, mama."

Wakati ule ndipo Umwali alipotoka ndani. Muziki ulikuwa umemfikia. Alikuwa na sketi ya ndani tu, nywele zimejaa majani ya godoro, na kitambaa kilichokuwa kimelegea na kumwangukia alikuwa anakiburuta chini. Shahidi mmoja ambaye hakualikwa akacheka: "Mugonjwa mwenyewe huyu!" Evode akainuka kumrudisha ndani kabla aibu haijakamilika. Euphrasie akawahi, akanyoosha mikono yote miwili. "Kuja kwa tante, mutoto! Kuja nikufunge!"

Umwali akampita Euphrasie. Akampita baba yake, ambaye mkono wake ulikuwa tayari hewani. Akapita kati ya magoti ya kapita na bidoni, uso umekunjwa kwa ile kelele, akafika mkekani. Hakunyakua kitu. Hakulia. Aliweka kitambaa juu ya mapaja ya mama yake, akakisukuma kidogo kwa kidole, akainamisha kichwa, akangoja.

Mukasine hakusogea. Kikombe kilikuwa kimefika karibu na midomo yake. Mtoto akakisukuma tena kile kitambaa, akangoja.

"Zima iyo muziki," Evode alisema, na sauti yake haikuwa ya kubishana nayo. Muziki ukazimwa.

"Ameniita," alisema Mukasine.

"Nani ameita?" Euphrasie aliuliza. "Hajasema kitu, wifi."

"Muko wangapi hapa? Amekupita weye. Amepita baba yake. Amekuja kwangu." Akaweka kikombe chini, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto mchanga. "Ameniita mimi. Eh, Mungu wangu, ameniita!"

Akachukua kitambaa, akakikung'uta vumbi, akaanza kukizungusha kichwani mwa binti yake. Machozi yalimdondokea mpaka kidevuni na hakuyafuta. Umwali alisogea karibu zaidi, mpaka goti lake likagusa la mama yake, na hakuliondoa.

Kapita alijikohoza. Amehukumu ugomvi mwingi wa mipaka, lakini hilo hakulijua aliweke wapi. "Mama," alisema, "usiku unakuja. Unakunywa ao haunywi?"

"Kapita, nisamehe. Siuze." Alisema bila kuacha kufunga. "Papa Umwali, nisamehe na weye, nilikukaza. Papa Eugène, weye njo nakuomba musamaha kuliko bote, umeleta hata pombe. Lakini sikia. Bila simu yako hatungejua sumaku. Bila sumaku hatungefunga kitambaa. Bila kitambaa mutoto hangekuwa na kitu ya kuniletea. Aksanti, Papa. Aksanti sana. Siku munganga atapanda pikipiki kuja kusema ile mashine iko tayari, tutaongea tena. Leo hapana. Leo nashiba."

Eugène aliitazama bidoni. Akautazama mteremko unaoshuka barabarani, mahali alipokuwa amekwisha kuijenga depo yake kichwani, na milango yake ya bati, na taa. Alikuwa na haki ya kukasirika, na uso wake ulijaribu.

"Mama Umwali, umenikosesha depo," alisema.

"Nimekukosesha, Papa. Kweli."

"Na hii kasiksi sasa ni ya nini? Nitairudisha dukani? Nitaiuza kwa vikombe kama mujane?"

Ni Evode aliyemjibu. Alikuwa ameketi tena, mikono juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anawatazama watu machoni. "Ni ya aksanti," alisema. "Nilipima vibaya mbele yenu bote, munaweza kunicheka. Lakini nimepata kitu. Kunyweni."

"Hm," alisema Eugène. Akavua kofia, akajikuna kichwa, akairudisha. Kisha akacheka kicheko chake chote, halafu akajikumbuka, akaziba kinywa kwa kiganja na kumwangalia mtoto. "Pole," alinong'ona, na alinong'ona kweli, mashahidi wote wanaweza kuapa. "Basi mujaze vikombe. Polepole. Musipige kelele."

Wakanywa kwa sauti ya chini, kama watu walio kanisani. Euphrasie alitaka kuimba, akakatazwa, akaimba moyoni huku anatikisa kichwa. Kapita alikichukua kile kikombe cha kwanza kilichokuwa bado chini, kimejaa, akamnyooshea Mukasine.

"Kunywa basi, mama. Si ya shamba tena. Ya furaha."

"Mupe mwengine, kapita," alisema Mukasine. "Mikono yangu iko na kazi."